Kikulacho ki Kisiwani: Maiti wa Krismasi na Wafu Ishirini na Mmoja wa Afrika Mashariki

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga, na yamkini hakuna methali nyingine ya Kiswahili inayoubeba mpango mzima wa riwaya ya upelelezi kwa maneno machache namna hiyo. Maiti yuko sakafuni. Mlango umefungwa. Aliyeua hakutoka mbali. Ameketi papo hapo pamoja na waombolezaji, anakunywa chai yao na kujifuta machozi kwa leso. Sanaa ya mwandishi wa riwaya ya aina hii ni kuhakikisha kwamba nguo ile haivuliki upesi, yaani kwamba hapana mhusika anayeweza kuingia wala kutoka mpaka mpelelezi amalize kazi yake. Ndiyo maana waandishi wa Kiingereza, walioukuza utanzu huu hata ukawa kama mchezo wa taifa lao, walikipenda mno kisiwa kidogo. Na ndiyo maana vilevile waliipenda Krismasi.

Kisiwa ni ukuta wa mahali, nayo sikukuu ni ukuta wa wakati. Bahari ikichafuka, mashua haiji. Krismasi ikifika, ofisi zimefungwa, na heshima ya ukoo haimruhusu mtu kuondoka mezani hata kama anamchukia kila aliyeketi naye. Agatha Christie (1890–1976) alizijenga kuta hizi mbili katika miaka miwili iliyofuatana. Mnamo Desemba 1938 ilitoka riwaya yake Hercule Poirot's Christmas, ambamo mzee tajiri Simeon Lee anawaita wanawe wote nyumbani kwake, Gorston Hall, anawafanya wasikie kwamba anakusudia kuubadilisha wasia wake, kisha jioni ya mkesha wa Krismasi anakutwa amekatwa koo katika chumba kilichofungwa kwa ndani, damu imetapakaa kila mahali. Damu yenyewe ilimwagwa kwa ombi: shemeji yake Christie, James, alikuwa amelalamika kwamba mauaji katika vitabu vyake yamekuwa ya kistaarabu mno, naye mwandishi akamtabarukia kitabu hicho. Mwaka uliofuata, mnamo Novemba 1939, ikaja riwaya ya kisiwa ambayo leo inajulikana kwa jina la And Then There Were None. Watu kumi, wanane wakiwa wageni na wawili watumishi, wanajikuta katika kisiwa kidogo karibu na pwani ya Devon kwa mwaliko wa mwenyeji wasiyemjua. Baada ya chakula cha usiku santuri inapigwa, na sauti iliyorekodiwa inamsomea kila mmoja wao shtaka la mauaji ambayo sheria haikuweza kumtia hatiani kwayo. Tufani inazuia mashua. Wanaanza kufa, mmoja baada ya mwingine.

Sababu ya Krismasi kupendwa na waandishi wa mauaji haiishii kwenye milango iliyofungwa. Arthur Conan Doyle alikuwa ameitumia tangu mwaka 1892, katika kisa cha Sherlock Holmes ambamo kito kilichoibwa kinapatikana ndani ya bata bukini wa sikukuu, lakini kwake Krismasi ni pambo tu, na kisa kinamalizika kwa msamaha. Christie alikwenda mbali zaidi. Poirot wake anafafanua kwamba siku ambayo watu hulazimishwa kupendana ndiyo siku ya hatari, kwa kuwa jamaa ambao mwaka mzima wamekaa mbalimbali kwa amani huletwa chini ya paa moja na kutakiwa kutabasamu, na unafiki ule huzalisha chuki maradufu. Msomaji wa Kenya hahitaji kufasiriwa jambo hili. Desemba ndiyo mwezi ambao mabasi hujaa kutoka Nairobi kwenda mashambani, na mbuzi akishachinjwa na watu wakashiba, huanza kuulizwa ni nani aliyeusogeza mpaka wa shamba la marehemu baba na hatimiliki imo mikononi mwa nani. Laiti waandishi wetu wangeutazama mwezi huo kwa jicho la Christie! Mada imewalalia mlangoni.

Hata hivyo, makala haya hayakusudii kumsifu Christie. Nia yake ni kukitazama kitu kimoja ambacho wasomaji wake wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, hukipita upesi kwa kuwa wana hamu ya kumjua muuaji.

Mali ya Simeon Lee ilitoka wapi? Ilitoka katika almasi za Afrika Kusini, alikokwenda akiwa kijana na ambako, kama riwaya inavyobainisha, alimtendea mwenziwe hiana. Almasi ambazo hazijakatwa zimo katika sefu ya chumba kile kile anamouawa, na mmoja wa wageni wa Krismasi hiyo ametoka Afrika Kusini kwa jina ambalo si lake. Kwa maneno mengine, meza ya Krismasi ya Kiingereza, pamoja na bata mzinga wake na mishumaa yake, imesimama juu ya shimo lililochimbwa barani Afrika. Riwaya inalitaja shimo hilo lakini hailichungulii. Waliochimba hawana jina, hawana sauti, wala hawashukiwi. Pengine hiyo ndiyo sifa pekee wanayopewa.

Kisiwa cha 1939 kinakwenda mbali zaidi. Miongoni mwa wale kumi yumo Philip Lombard, mtu wa safari na bastola, na shtaka lake linapokuja kusomwa na ile santuri linahusu nchi zetu: kwamba mnamo Februari 1932 alisababisha vifo vya watu ishirini na mmoja wa kabila fulani la Afrika Mashariki. Wenzake wanakana, wanatetemeka, wanatafuta visingizio. Lombard anakiri huku anacheka. Walipotea porini, asema, chakula kikawa kidogo, basi yeye na wazungu wenzake wakakichukua na kuwaacha Waafrika wafe njaa. Na anaongeza kwamba wenyeji hawakioni kifo kama Wazungu wanavyokiona. Baadaye wanawake wawili wa kisiwani wanalijadili jambo hilo. Kijana anaona kwamba wale walikuwa wenyeji tu. Mzee, mcha Mungu mkavu asiye na huruma kwa yeyote, anamkemea kwa kudai kwamba weusi kwa weupe wote ni ndugu. Kijana anakaribia kuangua kicheko.

Hapana budi kumtendea Christie haki. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika shtaka hilo, na hakumpa Lombard udhuru wowote unaosimama. Kicheko cha yule kijana kinamfichua mchekaji, hakimwinui. Mhakiki anaweza hata kusema kwamba mnamo 1939, wakati Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zote zilikuwa chini ya Uingereza, kuingiza wafu wa Kiafrika katika orodha ya mauaji yanayostahili kulipiwa kisasi lilikuwa jambo lisilo la kawaida katika riwaya ya burudani. Yote haya ni kweli. Lakini pana hesabu ambayo haiishi kwa kuelezwa hivyo.

Aliyepanga mauaji ya kisiwani anaeleza mwishoni kwamba aliwapanga waathiriwa wake kulingana na uzito wa hatia: wenye hatia nyepesi wafe mwanzo, wasije wakateseka kwa hofu ya muda mrefu, wenye hatia nzito wabaki hadi mwisho. Haya, na tuhesabu. Lombard anakufa karibu na mwisho, kwa hiyo hatia yake imepimwa kuwa nzito. Ila hakufa wa mwisho katika lile kundi la washtakiwa. Wa mwisho ni yule kijana wa kike, mlezi wa watoto, aliyemwacha mtoto mmoja wa Kiingereza azame baharini. Mtoto huyo ana jina. Ana sauti nyembamba inayokumbukwa. Ana kichwa kinachoonekana kikielea kuelekea kwenye mwamba. Anarudi tena na tena katika fikra za mlezi wake hadi msomaji anamlilia. Wale ishirini na mmoja hawana hata jina la kabila. Hakuna anayewaota usiku. Katika kisiwa ambacho kila mtu anateswa na maiti wake, Lombard peke yake analala usingizi mzuri, na riwaya inamruhusu. Kisa cha mlezi ni cha mapenzi na tamaa na usaliti, nacho kinafaa kufunga tamthilia kuliko kisa cha njaa porini. Hilo linaeleweka kisanaa. Linalopasa kuulizwa ni hili: kwa nini sanaa ilikuta kifo kimoja kina maudhui na vifo ishirini na kimoja ni takwimu?

Jibu, kwa kiasi, limo katika jina la kitabu. Riwaya hii ilipotoka London mwaka 1939, jina lake, jina la kisiwa na jina la wimbo wa watoto unaoongoza mauaji yote yalitumia tusi la Kiingereza dhidi ya watu weusi. Wachapishaji wa Marekani waliliondoa tusi hilo katika toleo lao la 1940. Uingereza iliendelea nalo katika matoleo yake hadi mwaka 1985. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka arobaini, ikiwemo zaidi ya miaka ishirini ya uhuru wa Kenya, kitabu cha kisiwa kinachosifiwa kuliko vyote katika utanzu huu kiliuzwa Uingereza kikiwa na jina ambalo mwanafunzi wa Kiafrika asingelitamka darasani bila kujitukana mwenyewe. Leo kisiwa kinaitwa cha askari, wimbo ni wa askari kumi, na vinyago vya mezani ni vya askari. Mabadiliko haya ni mema. Ajabu ni kwamba yamelisafisha jalada, na wale wafu ishirini na mmoja wamebaki pale pale walipokuwa, sentensi chache katika sura za mwanzo.

Basi iwapo Afrika ni ghala la hatia katika visiwa na Krismasi za Kiingereza, ni nini hutokea mwandishi wa kisiwa halisi cha Afrika Mashariki anapoushika utanzu huu mwenyewe?

Hapa ndipo inapofaa kumrudia Muhammed Said Abdulla, ambaye wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana naye katika aya moja ya historia ya riwaya na kuachana naye hapo hapo. Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya kama mkaguzi, akaitumikia kwa miaka kumi, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti: alihariri Zanzibari, akasaidia kuhariri Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilitunukiwa nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya 1957–58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991.

Wahakiki wamezoea kuanza na kumaliza kwa kusema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum wa kumshangaa, ana askari wa serikali wa kushindwa mbele yake. Kufanana huko hakukanushiki. Lakini kumhukumu Abdulla kwa kiko ni kama kumhukumu mtunzi wa tenzi kwa mizani: chombo kimeazimwa, mzigo ni wake. Na mzigo huo hauwezi kutenganishwa na kisiwa.

Katika kisiwa cha Christie bahari hukata. Wageni hawajuani, hawana jamaa karibu, hawajulikani wametoka wapi, na ndiyo maana santuri tu ndiyo inayoweza kueleza yaliyopita. Katika kisiwa cha Abdulla bahari huunganisha. Imewaleta watu wa pwani na bara, wa Uarabuni na wa Bara Hindi, na wakishafika wakaoana. Hapa hakuna mgeni. Kila mtu ni shangazi wa mtu, mtoto wa kufikia wa mtu, mjukuu wa mtumwa wa mtu. Msomaji akiingia nyumba ya Bwana Msa haulizi kwanza nani alikuwa wapi saa tatu usiku. Anauliza nani ni mtoto wa nani. Kwa sababu hiyo msuko wa Abdulla hufungika na kufunguka kwa nasaba, kwa ndoa za siri, kwa urithi na kwa watoto ambao jina la baba yao si lile wanalolitumia. Ni sadfa ya kupendeza kwamba fumbo la Krismasi ya 1938 nalo hatimaye linafumbuliwa kwa suala la damu na uzazi. Tofauti ni kwamba kwa Christie nasaba ni mbinu ya mwisho ya kumshtua msomaji, hali kwa Abdulla ndiyo hali ya kawaida ya maisha, hewa inayovutwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Damu nzito kuliko maji, na kisiwani vyote viwili viko tele.

Jambo la pili ni mzimu. Waandishi wa Kiingereza wa kizazi cha Christie walijiwekea miiko, na mojawapo ya miiko iliyoorodheshwa na kasisi Ronald Knox mwaka 1929 ilikataza nguvu zisizo za kawaida zisitumike kufumbua kisa. Kwa Mwingereza wa wakati ule mwiko huu ulikuwa suala la uchezaji wa haki tu. Kwa Abdulla ulikuwa hoja. Maiti wa riwaya yake ya kwanza anakutwa kwenye mzimu wa wahenga, mahali ambapo jamii ina maelezo tayari kabla ya mpelelezi kufungua kinywa. Vivyo hivyo jina la Giningi huamsha hofu ya wachawi katika masimulizi ya Wazanzibari. Bwana Msa ana washukiwa wawili kila mara: mtu aliyeua, na imani inayomficha aliyeua. Ni lazima amwondoe wa pili ndipo amwone wa kwanza. Mtu aliyetumia miaka kumi akiingia nyua za watu kwa kazi ya afya bila shaka alijifunza kwamba homa ina chanzo kinachoonekana, hata wenye nyumba wakikataa. Si vigumu kuuona mguu wa yule mkaguzi ndani ya kiatu cha Bwana Msa.

Kasoro zake zipo na hazifai kufunikwa. Sadfa ni nyingi kupita kiasi. Maelezo ya mwisho hurefuka hata msomaji akaanza kusinzia wakati anapopaswa kushtuka. Na muumini wa mzimu aghalabu huchorwa kama mjinga, bila mwandishi kujiuliza mzimu uliwafanyia nini wakulima wale kabla ya maiti kuwekwa pale. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikigeuza kisiwa juu chini, lakini Bwana Msa wa vitabu vilivyofuata huelekea kuishi bado katika Unguja ya kale, na kimya hicho kinastahili tasnifu ya peke yake. Hata hivyo kasoro hizi hazihalalishi desturi ya kuzitupa riwaya zake, pamoja na Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla na zile za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, katika kapu moja lililobandikwa lebo ya fasihi pendwa, kisha kulisukuma kapu chini ya meza. Neno pendwa lingepaswa kuwa sifa. Katika semina zetu limekuwa njia ya adabu ya kusema kwamba kitabu hakistahili kusomwa na mtu mzima.

Hasara ya desturi hiyo si ya Abdulla, ambaye ameshafariki na hadai kitu. Ni ya mwanafunzi wa Kiswahili anayefundishwa kwamba fumbo ni jambo dogo, ilhali lugha anayoisoma imejaa mafumbo hadi ukingoni. Mchezo wa kitendawili una kanuni zote za riwaya ya upelelezi: mtegaji anawajibika kutoa dalili za kweli, mteguaji ana haki ya kujaribu, na akishindwa hutoa mji kabla ya kupewa jibu. Mbali na hapo kuna msamiati wenyewe. Kiswahili kina mpelelezi, kina kachero wa Tanzania, kina askari kanzu wa Kenya, kina jasusi anayetumwa na dola. Maneno manne yenye historia nne tofauti za hofu ya raia kwa serikali. Askari kanzu peke yake, askari aliyejificha ndani ya vazi la heshima, anatosha kuwa mada ya sura nzima. Kikulacho, kwa hakika, ki nguoni.

Swali linalobaki ni la sikukuu, kwa kuwa ukuta wa mahali tunao na ukuta wa wakati bado haujajengwa ipasavyo. Abdulla mwenyewe alizaliwa mahali penye sikukuu ambayo Christie angeitamani. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa: wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wageni hukaribishwa chakula. Pigano hilo huelezwa kuwa njia ya kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita ili mwaka mpya uanze kwa moyo safi. Hebu mwandishi na afikirie: siku moja ambayo kumpiga jirani ni halali, moshi umetanda, kila mtu ana jeraha, na jioni mmoja hainuki. Nani aliyepiga kwa mila na nani aliyepiga kwa kinyongo ambacho hakikwisha? Krismasi ya Gorston Hall huficha chuki chini ya tabasamu. Mwaka Kogwa huifanya ipite hadharani mchana kweupe, na hilo ni fumbo gumu zaidi.

Kwa upande wa Kenya, mwenye kutaka kisiwa kidogo pamoja na Krismasi hana haja ya kwenda Devon. Katika Ziwa Viktoria kipo Migingo, jiwe la takribani nusu eka, lililofunikwa kwa vibanda vya mabati vilivyoshikana hivi kwamba paa la mmoja ni ukuta wa mwingine, na ambalo Kenya na Uganda ziliingia katika mzozo mkali juu yake, hasa mwaka 2009. Wavuvi hukifuata kwa ajili ya mbuta. Hapana chumba kinachoweza kufungwa kwa ndani bila jirani kusikia komeo. Kisiwa cha Christie ni kikubwa kwa jumba na kitupu kwa watu. Hiki ni kinyume chake, watu bila nafasi, na siri humo haiwezi kutegemea upweke. Itategemea mapatano ya wengi kunyamaza. Tuseme, kwa kubuni tu, kwamba mkesha wa Krismasi umefika, wengine wamekwishavuka kwenda makwao kupeleka pesa za shule na nguo za watoto, waliobaki wanacheza muziki, na alfajiri mtu mmoja anakutwa majini kati ya mashua. Yupo chini ya sheria ya nchi gani? Faili lake lifunguliwe wapi? Je, ikiwa muuaji ni raia wa nchi moja na maiti wa nchi nyingine, na mpaka wenyewe unabishaniwa chini ya miguu ya askari? Wataalamu wa fasihi wanaolalamika kwamba riwaya ya upelelezi haina uzito wa kisiasa wangelijibu hilo kwanza.

Na maiti huyo asiachwe kama walivyoachwa wale ishirini na mmoja. Bila shaka wao ni wa kubuniwa, lakini mwaka wanaotajwa kufa, 1932, ni miaka miwili tu baada ya kuundwa kwa kamati ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930. Lugha ambayo ingeweza kuwataja majina ilikuwa mezani ikipimwa na kukatwa, nao wakafa katika sentensi ya Kiingereza. Mwandishi chipukizi wa jarida hili anayetafuta kisa angeweza kuanzia pale Christie alipoachia: porini, Februari, kundi limepotea, chakula kimechukuliwa usiku. Nani aliyeamka kwanza akaona mifuko haipo? Walizungumza lugha gani wao kwa wao? Kijana wa mwisho kufa aliacha deni la mahari kwa nani?

Huko Migingo ya kubuniwa, mpelelezi ameshuka kutoka kwenye boti akiwa amelowa magoti. Anauliza jina la marehemu. Watu wanatazamana, kisha mama mmoja muuza uji anamuuliza, kabla ya kumjibu, ametumwa na serikali ipi.